Simu Inawaka, Mimi Sipatikani

Sijazima simu, mama. Na hata kama ningetaka kuizima, ningeizimia nini siku kama hii, siku yenye nimekaa nayo kwa mapaja tangu saa mbili asubuhi kama mtoto ako na homa?

Hivyo ndivyo nilimjibu, na yeye hata alikuwa hajavuka mlango. Alisimama pale nje, leso imemganda kichwani kwa maji, mfuko mmoja kwa kila mkono.

"Umezima," akasema. "Nimekupigia mara nne. Mara nne, wewe msichana. Yule mwanamke wa kwenye rekodi ameniambia mteja hapatikani mpaka nikataka kumtusi."

Mamangu huuza nafaka soko la Muthurwa. Maharagwe, ndengu, njahi, zote za kupima na gorogoro, ile mkebe ya kilo mbili. Siku hiyo alikuwa amesahau turubai nyumbani, na saa nane mvua ikamshukia. Alinipigia nimpelekee. Sikutokea. Nusu gunia ya maharagwe ikalowa, na hiyo ndiyo alikuwa amebeba kwa hiyo mifuko. Kabla hata atoe viatu alikuwa ashaimwaga kwa mkeka katikati ya nyumba na kuanza kuitandaza na kiganja.

"Simu ndio hii, ona," nikamwambia. "Imewaka. Chaji iko themanini. Network imejaa."

"Basi umeniblock."

"Nani hublock mamake?"

"Mtu ako na kijana."

"Kijana gani sasa?"

"Si ni huyo unaficha. Mtu hawezi kaa ndani siku nzima na simu kwa mkono na asishike ya mamake. Hiyo simu ilikuwa na kazi nyingine."

Nilikasirika mpaka masikio yakapata moto. Mimi ni mtu wa haraka, sipendi maneno ya kuzungukazunguka. Nikamwambia apige tena, hapo hapo, nikiona. Nikaweka simu yangu kwa meza. Akatoa kile kisimu chake cha tochi, akapiga, akaweka spika. Tukainama wote wawili kuangalia yangu.

Yake ikasema: mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa. Na wakati huo huo yangu ikatetemeka kwa meza. Ilikuwa meseji ya group ya vijana wa kanisa, mtu ametuma picha ya chapati.

Mama akaiangalia kama mtu amemdanganya akiwa amemkazia macho.

"Hii simu inachagua," akasema.

Tukapiga tena. Mteja. Akaketi kwa stuli, akashusha sauti kama kuna mtu ako dirishani. "Wamekuibia laini. Ni hao watu huiba laini ya mtu wakiwa mbali. Kuna mtu alikupigia akikuuliza namba ya kitambulisho?"

"Hapana."

"Fikiria vizuri."

Lakini mimi nilikuwa nafikiria kitu kingine. Kiwanda.

Wiki moja kabla ya hapo, nilikuwa nimefanya mtihani wa kushona kwa kiwanda kimoja kidogo cha sare za shule, huko upande wa Industrial Area. Tulikuwa wasichana kumi na wawili. Kila mtu alipewa shati bila kola na kola bila shati, na saa moja ya kuziunganisha. Msimamizi ni mama mmoja anavaa tepu ya kupima kwa shingo hata akinywa chai. Alichukua langu, akalipindua ndani nje, akavuta uzi mmoja na ukucha, akalirudisha kwa rundo bila kusema kitu. Tukimaliza akasimama mlangoni. "Nataka wawili tu. Nitapiga Jumanne. Usiposhika, napiga anayefuata kwa orodha. Mimi sina wakati wa kutafuta watu."

Na hiyo siku ndiyo ilikuwa Jumanne, tayari saa kumi na nusu jioni.

Nilikuwa nimemaliza kozi ya ushonaji karibu mwaka mzima, na mama alikuwa ameniambia wazi: mwezi ukiisha kama sina kazi, naenda kukaa na yeye Muthurwa, moja kwa moja, si ya kusaidia. Sidharau gorogoro. Imenisomesha mpaka fomu foo, nikamaliza sekondari. Lakini nikishakaa pale najua siinuki. Kwa hivyo nilikuwa nimengoja hiyo simu ilie siku nzima, nikijiambia bado hawajafika kwa jina langu. Kumbe huenda walipiga, wakaambiwa sipatikani.

Mtu wa kwanza nilimshuku alikuwa fundi wa simu.

Wiki mbili kabla, alikuwa amenibadilishia skrini. Na hapa kwetu hakuna mtu huachia fundi simu aende. Unaketi. Unaangalia mikono. Akishaifungua, unatoa cutex yako, ile rangi ya kucha, kwa kibeti na unaweka nukta moja kwa betri na moja kwa ubao wa ndani, ndio akikubadilishia na kitu feki ujue. Wasichana wote mtaani hufanya hivyo, na mafundi wamezoea, wanatusogezea taa wenyewe. Niliweka nukta zangu, nyekundu. Lakini kuna wakati alienda nyuma ya pazia na simu yangu kwa mkono, akakaa kama dakika moja. Hiyo dakika nilikuwa nimeifikiria wiki mbili.

Nikaruka madimbwi mpaka kwa kibanda chake pale barabarani. Ni mabati, na dirisha la waya lenye nafasi ya kupitisha mkono.

"Fundi, ulitoa nini kwa simu yangu?"

Hakuinua kichwa. "Niaje siz. Kwani hata salamu imeibiwa?"

"Poa. Ulitoa nini?"

Sasa akaniangalia, akacheka. "Aa, wewe ndio wa cutex! Siz, ulikaa hapo masaa mawili hukupepesa macho. Nikipiga chafya unaangalia vidole. Ningetoa nini, na saa ngapi?"

"Ulienda nyuma ya pazia."

"Nilienda kuchukua gundi."

"Gundi ilikuwa kwa meza."

 "Hiyo ya meza ilikuwa imekauka."

 Nilimpa simu, nikamwambia aifungue, na asiende mahali. Akaipasha moto na kile kimashine cha hewa, akaingiza kadi nyembamba kwa ukingo, akaizungusha polepole mpaka ikaachia. Nukta zilikuwa hapo. Zote mbili. Niliziangalia kwa muda mrefu, maana cutex nyekundu ni cutex nyekundu, mtu yeyote anaweza kununua. Lakini ile ya betri ilikuwa na kamkia upande mmoja, nilikumbuka mkono wangu uliteleza. Ilikuwa yangu.

"Umeridhika, ama tuite CID wa cutex?"

"Endelea," nikasema.

Akaifunga. Akatoa laini yangu akaiweka kwa kisimu chake cha tochi, akaipigia na simu ingine. Ikalia. "Laini ni nzima. Hakuna mtu amekuibia." Akaweka laini yake kwa simu yangu, akapiga. Mteja. "Basi shida ni simu."

"Si ni hiyo skrini yako!"

"Siz, skrini haishiki network. Umegusa setingi?"

"Sijagusa kitu."

"Wote husema hivyo. Hakuna mtu Nairobi hii ashawahi kugusa setingi. Simu hujigusa zenyewe."

Nilijua penye mafundi huelekea wakikwama. Wanasema lazima waiflash, na ikishaflashiwa inarudi tupu kama siku ya kununuliwa, picha zimeenda, namba zimeenda. "Usiflash," nikamwambia.

"Nani amesema kuflash?"

Akaanza kupekua. Akaangalia kama ile alama ya ndege imewaka. Haikuwa imewaka. Akaangalia namba zenye zimefungiwa, na kama simu zangu zinatumwa kwa namba ingine. Hakuna. Niliingiza kichwa dirishani ndio nione kila kitu anabonyeza.

"Siz, unanipumulia kwa shingo."

"Endelea."

Akasimama mahali pamoja. Akarudi nyuma, akaingia tena. Halafu akauliza bila mzaha, "Ni nani alikuwekea namba ya nyota?"

Hapo nikakumbuka Jumamosi.

Kuna msichana rafiki yangu anaishi mlango wa tatu kutoka kwetu hapa mtaa wa Ziwani, kwa hizi nyumba za zamani za kansoo, zile za serikali ya jiji. Tulifanya kozi ya ushonaji pamoja, na kwa mtihani wa kola tulienda pamoja. Jumamosi tulikuwa tumekaa kwa ngazi, mimi naangalia video ya vile mifuko ya kaptura hushonwa, na ile duara ya kungoja inazunguka tu, inazunguka. Siwezi kungoja kitu ikizunguka. Kuta za hizi nyumba ni nene, network ikiingia inachoka. Akaniambia, "Yangu niliweka 4G tupu, inakimbia mbaya." Nikamwambia, "Niwekee." Akachukua simu, akapiga namba inaanza na nyota, ukurasa fulani umejificha ukafunguka, umejaa Kizungu kidogo kidogo, akachagua mstari mmoja. Video ikakimbia. Nilifurahi sana. Kwa siku tatu sikujua kitu, kwa sababu hakuna mtu hunipigia. Watu wangu wote ni wa meseji.

Nikamwambia fundi hivyo, nikiwa nimepunguza sauti.

"Sasa skiza," akasema. "Kuna simu zinaweza kupokea kol zikiwa kwa 4G. Yako haiwezi. Yako mtu akikupigia lazima ishuke kwa network ya zamani, ipokee, halafu ipande tena. Wewe umeondoa ngazi. Iko huko juu, inapata intaneti, inapata picha za chapati, lakini haiwezi kushuka kumfungulia mtu."

"Na mtu akikuwekea hivyo, anakuwa anajua?"

"Roho ya mtu sijui, siz. Mimi ni wa simu."

Akarudisha ule mstari vile ulikuwa, akaniwekea laini yangu, akapiga. Simu ikalia kwa mkono wangu kwa nguvu, nikashtuka.

Nilikuwa nimefika kwa kona ya nyumba za kansoo wakati meseji ya kampuni ya simu iliingia, ile ya kukuonyesha watu walikutafuta ukiwa hupatikani. Mama, mara sita, pamoja na zile mbili za nyumbani. Rafiki yangu, mara moja. Na namba ya kiwanda, mara mbili: saa tano na dakika kumi, na saa tano na dakika kumi na tatu.

Nikapiga nikiwa nimesimama kwa matope. Ikalia mpaka ikakata yenyewe. Nikapiga tena. Ni simu ya ofisi, na ofisi ilikuwa imefungwa.

Kitu moja ilikuwa inanisumbua, na nilikuwa nimejaribu kutoiangalia tangu kwa fundi. Siku ya mtihani tulijiandikisha pamoja. Mimi nilishika kalamu kwanza. Jina linafuata langu kwa orodha ni la rafiki yangu.

Nilimpata mlangoni kwao anafua blauzi nyeupe kwa beseni. Jumanne jioni, mvua imetoka kunyesha, nani hufua blauzi nyeupe?

"Umepigiwa," nikamwambia.

Akainua macho. "Nimepigiwa."

"Saa ngapi?"

"Kama saa tano hivi."

"Na dakika ngapi?"

"Manze, unanihoji kama karao wa kituo cha polisi."

"Na dakika ngapi?"

Akapanguza mkono kwa sketi, akafungua simu. Saa tano na kumi na tano. Dakika mbili baada ya kunikosa.

Nikamwambia yote. Ile namba ya nyota, vile simu yangu ilikuwa imekwama juu, vile mama amelowa na maharagwe. Nikamwambia alijua.

"Ningejuaje?" Sauti ikampanda. "Yangu iko hivyo hivyo! Ona!" Akapiga ile namba mbele yangu, ukurasa ukafunguka, mstari ukawa ni ule ule. Nikampigia na simu yangu hapo hapo. Yake ikalia vizuri. Ni simu mpya kidogo kuliko yangu, mjomba wake alimletea. "Na ni nani alisema niwekee? Si uliifungua na kidole yako mwenyewe ukanipea?"

Hiyo ilikuwa kweli. 

"Na ukipigiwa, mbona hukukuja kuniambia?"

"Nilikupigia, ulikuwa mteja. Nikadhani wewe ulipigiwa kwanza sasa unaniringia."

"Ni milango mitatu. Ungebisha."

Akarudi kwa beseni. Akashika kola ya ile blauzi akaanza kuisugua mahali pamoja, na povu likapanda mpaka kwa viwiko. Halafu akasema bila kuniangalia, "Aliniuliza juu yako."

"Nani?"

"Yule madam. Aliniuliza kama namjua yule msichana ako mbele yangu kwa orodha, ati simu yake haipatikani."

"Ukasemaje?"

"Nikasema sijui."

"Hunijui?"

"Nikasema sijui uko wapi. Si ni tofauti?"

"Nilikuwa milango mitatu!"

"Wacha kunipigia kelele, watu wanatuangalia." Akashusha mikono ndani ya maji. "Niliogopa. Ningesema tunaishi karibu angeanza kuniuliza hii na ile, na mimi nilitaka tu aseme nimepata kazi akate simu kabla hajabadilisha nia. Hiyo tu."

Hiyo niliamini, kwa sababu ilimfanya aonekane mbaya. Mambo mengine yote yalikuwa yamemkaa vizuri sana.

"Na yule wa pili amempata?"

"Alisema bado anatafuta mmoja. Nifike saa moja na nusu." Akaniangalia sasa. "Twende na wewe kesho. Nitamwambia."

 Niliondoka na viatu vyangu vimejaa matope.

Nyumbani mama alikuwa anageuza maharagwe, anachagua zenye zimeanza kufura anaweka kando kwa sufuria. Nilimweleza vile simu ilikuwa imekwama, na kwamba hakuna kijana. Kwa hiyo ya kijana alisema tu, "Tutaona." Nilipofika kwa blauzi nyeupe akaacha kugeuza.

"Alifanya makusudi."

"Simu yake iko hivyo hivyo, mama. Nimeona."

"Anaweza kuwa hakujua Jumamosi na akajua leo. Leo saa tano alijua. Akanyamaza."

Mama husema kitu kama hiyo na anaendelea kuchagua maharagwe, na wewe unabaki hapo.

"Piga simu asubuhi," akaniambia. "Sema ulikuwa mgonjwa. Sema ulipelekwa hospitali, simu ikabaki nyumbani."

Kwa muda niliupenda huo uongo. Nilianza hata kuuchagulia ugonjwa. Halafu nikaona shida yake. Rafiki yangu atakuwa amesimama hapo kiwandani na anajua ukweli. Nikidanganya, itabidi yeye aniwekee siri, siku zote tukikaa kwa mashini moja na nyingine. Na mimi sikuwa naweza kumwachia kitu changu tena, hata kidogo kama hiyo. Pengine hajafanya kosa. Pengine amefanya. Lakini kusema ukweli hakungehitaji nimwamini mtu.

Na sikutaka kupiga. Kwa simu mtu anakukataa akiwa anapekua karatasi zingine, hata hajui uko vipi.

Kwa hivyo niliamua hivi. Kesho nitatoka saa kumi na moja na nusu asubuhi, peke yangu, bila kubisha mlango wa tatu. Nitaenda kwa miguu, na nitakuwa kwa geti kabla ya yule mama wa tepu hajafika, ndio uso wa kwanza anaona uwe wangu. Nitamwambia: ulinipigia saa tano na kumi na saa tano na kumi na tatu, na hukunipata kwa sababu niliharibu simu yangu mwenyewe, nikitaka video ikimbie. Nitampa namba ya mamangu iwe ya pili. Na kama ile nafasi amempa mtu mwingine, nitamwomba aniambie hapo hapo getini, halafu niulize kama ako na kola za kushona siku hiyo tu.

Nikamwomba mama aniamshe saa kumi na moja. Akasema ataniamsha kumi na nusu, kwa sababu haniamini na usingizi.